Mfuko wa tumboni mwa kinga

Betri ya volti 12, ile ndogo ya sola ya ampea-saa 7, ina kilo mbili na robo hivi. Ukiishika dukani unaiona si kitu. Ibebe mgongoni toka Katuba, mtaa wa mji wa Lubumbashi kusini mwa Kongo, hadi vijiji vya kandokando ya barabara ya Kipushi, ndani ya begi lenye koleo, bisibisi, multimita ya kupimia umeme, solda na waya, huku jua la Oktoba likikupiga kisogoni. Hapo ndipo utajua kilo mbili na robo ni nini.

Mimi ni fundi wa sola. Natengeneza na redio pia, na simu zikija sizifukuzi. Wateja wangu wengi wako nje ya mji, kilometa 15, 20, mara nyingine Kipushi kwenyewe, kilometa 30 hivi, pale mpakani na Zambia. Pikipiki ya kukodi inamaliza faida kabla sijatoa bisibisi mfukoni. Kwa hiyo naenda na kinga. Baiskeli, kwa wasomaji wa mbali. Sisi wa Lubumbashi tunasema kinga. Yangu ni VTT, yaani baiskeli ya milimani, ya mitumba, fremu ya chuma, kijani iliyopauka. Ilinifikia ikiwa bado na karatasi ya duka iliyoandikwa kwa lugha nisiyoijua.

Mji wetu ni tambarare, na hiyo ni neema kwa mwenye kinga. Rafiki yangu wa Bukavu anasema kwao nusu ya njia unaisukuma kinga, nusu nyingine unaizuia isikukimbie. Sisi shida yetu si mlima. Ni vumbi jekundu toka Mei hadi Oktoba, matope toka Novemba hadi Aprili, na malori mwaka mzima.

Mwaka wa kwanza nilibeba kila kitu mgongoni. Sitaeleza sana, kila mtu anajua begi la mgongoni linavyofanya: shati linalowa, mabega yanauma, na uzito wote unashukia kwenye kiti, yaani kwenye makalio yako mwenyewe. Mwaka wa pili nikawa mjanja. Nilitengeneza sanduku la mbao, nikalifunga juu ya keria kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi la ndani la gari. Nikajiona nimepona.

Ndani ya mwezi mmoja spoku tatu za gurudumu la nyuma zilikatika. Na hiyo ilikuwa hasara ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba usukani ulikuwa mwepesi, mbele hapakai chini. Ukifika penye mchanga, gurudumu la mbele linaanza kutafuta njia yake na la nyuma njia yake. Siku moja, baada ya kuacha lami na kuingia njia ya kijijini, lilinitupa kando ya kichuguu, vile vichuguu vyetu vya Katanga vinavyozidi kimo cha nyumba. Sanduku lilipasuka, betri ikaruka hadi majanini.

Mtu wa makala, yaani makaa ya kupikia, aliyekuwa akija mjini na magunia manne kwenye kinga yake alisimama. Hakucheka, na hilo nalikumbuka kwa shukrani. Aliegemeza kinga yake kwa fimbo, akanisaidia kuokota vitu, akaliangalia lile sanduku langu.

"Papa," aliniambia, "mzigo yako si mingi. Njo iko juu sana."

Maisha yangu yote nimepishana na watu wa makala. Asubuhi wanaingia mjini kutoka kila upande, barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kipushi, wamevaa suruali zilizogeuka rangi ya mzigo wao. Sikuwahi kuangalia wanavyofunga. Siku hiyo niliangalia. Gunia la kwanza alikuwa amelilaza chini kabisa, katikati ya fremu, karibu na pedali. Mengine yalifuata nyuma yake, yamebanwa kama familia kitandani. Uzito ule ungeniua mimi, lakini kinga yake ilisimama wima kwa fimbo moja.

Jioni ile nilikaa na simu nikitafuta picha za watu wanaobeba mizigo katikati ya fremu. Nikakuta mifuko ya pembetatu inayojaza nafasi ile kati ya bomba la juu, bomba la kiti na bomba la chini. Nikakuta pia picha ya zamani sana: wanajeshi weusi wa Marekani wamesimama na baiskeli zao kwenye mawe meupe. Mwaka 1897 kikosi chao kilitoka Missoula, Montana, hadi St. Louis, karibu kilometa 3,000, kwa siku 41. Mablanketi yamefungwa kwenye usukani, na ndani ya pembetatu ya fremu kuna kasha limekaa kana kwamba limezaliwa humo. Nilizima simu nikiwa nimekwisha kuamua.

Kosa langu lililofuata lilikuwa la haraka. Katika mitumba ya mjini niliona mfuko wa fremu, mweusi, kitambaa kizuri, tireti nene. Tireti ni zipu, ndivyo tunavyoiita huku. Sikuwa na kinga pale. Nilipima kwa macho, nikalipa, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mfuko ulikuwa umeshonwa kwa fremu nyingine. Yangu ina bomba la juu linaloteremka kuelekea kwenye kiti, kwa hiyo pembetatu yake ni fupi upande wa nyuma. Kona ya mfuko ilizidi vidole vitatu. Nikaikunja, nikaibana kwa mkanda, nikajidanganya kwamba imekaa. Kona iliyokunjwa ilisukuma vitu vyote katikati, mfuko ukavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mfuko ukivimba, goti ndilo linalojua kwanza. Kila mzunguko wa pedali, sss, sss, suruali inasugua kitambaa. Kwa kilometa moja si kitu. Kwa kilometa 20 nilitoboa suruali mbili mahali pamoja, ndani ya goti la kulia, na mke wangu akaniuliza nimeanza kusali msikiti gani.

Lililonitisha zaidi lilikuwa breki. Waya wa breki ya nyuma kwenye kinga yangu unapita chini ya bomba la juu, uchi, bila ganda, kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mikanda ya velkro niliizungushia vyote viwili, bomba na waya, nikaivuta kwa nguvu ili mfuko usicheze. Basi waya ukawa umevutwa. Njia nzima ya kwenda nilidhani nimezeeka: kinga nzito, jasho jingi, upepo sikuusikia lakini nilipigana nao. Nilipofika na kugusa rimu ya nyuma ilikuwa ya moto. Breki ilikuwa imebana muda wote. Tangu siku hiyo mkanda naupitisha kati ya waya na bomba, waya ubaki nje, huru. Kisha nabonyeza breki mara tatu na kuzungusha gurudumu kabla ya kuondoka. Ni kazi ya sekunde kumi.

Wiki ya sita tireti ilipasuka. Nilikuwa nikiivuta kwa nguvu juu ya mfuko uliovimba, na vumbi jekundu lilikuwa limekwisha kula meno yake. Watu wanalaumu tireti. Mimi nadhani tireti ile ilivumilia kuliko ilivyostahili.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja wa kushona, commune ya Kenya, mtaa mwingine wa hapahapa Lubumbashi, si mbali na soko. Anashona vifuniko vya magodoro, maturubai ya malori, viti vya mabasi madogo. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia vipimo nilivyoviandika kwenye karatasi. Hakuipokea karatasi.

"Kinga iko wapi?"

Nikamwambia iko nyumbani.

"Siwezi kushona kintu yenye siyaona."

Kesho yake nikaja na kinga. Alichukua boksi la sabuni, akalipasua, akaliweka ubavuni mwa fremu, akachora kwa chaki akifuata mabomba kwa ndani. Akakata. Akaliingiza kwenye pembetatu, likagusa pande zote. Nikafurahi. Yeye akalitoa akalipunguza tena, karibu sentimita moja kila upande. Nilipomuuliza kwa nini anapoteza nafasi, alichukua mto wa mtoto uliokuwa mezani akausukuma ndani ya mfuko wa plastiki, akanionyesha jinsi kitambaa kinavyokwenda nje pande zote kikijazwa. Mfuko uliopimwa sawasawa na fremu, ukiujaza haufungi vizuri. Uliopunguzwa kidogo, ukiujaza unakuwa sawa.

Upana tuliugombania. Mimi nilitaka nafasi, yeye alitaka nipite. Tulichomaliza nacho ubishi ni betri yenyewe. Betri ile ya ampea 7 ina unene wa sentimita sita na nusu. Tukaiweka chini, kwenye kona ya karibu na pedali, tukaona mikono ya pedali inapita bila kuigusa, nafasi ipo. Basi chini mfuko ukapewa sentimita saba. Lakini juu, pale magoti yanapopanda karibu na bomba, akanipa tano tu. Mfuko mnene chini, mwembamba juu. Sijauona dukani wa namna hiyo, na ndiyo sababu suruali zangu sasa zinazeeka kwa haki.

Kitambaa kilikuwa turubai la lori, kuukuu lakini zima. Mikanda alitoa kwenye mikanda ya viti vya gari lililokufa, ile ambayo huwezi kuikata kwa meno hata ukiwa na hasira. Velkro alishona kwenye ncha tu. Ndani alitia ukuta wa kitambaa chepesi, upande wa kushoto ukawa na mfuko mwembamba wa kutilia karatasi, upande wa kulia nafasi yote ya kazi. Nililipa franka 25,000 na chupa moja ya soda. Ule wa mitumba ulinigharimu zaidi, bila kuhesabu suruali.

Siku ya kwanza nilipoupanda niliona tofauti kabla ya kufika barabara kubwa. Kilo sita zipo, miguu inazisikia ukianza kukanyaga, lakini usukani hauzisikii. Kwenye mchanga ule ule ulionitupa, kinga ilikwenda kama iliyoshikwa kiunoni.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinirudisha shuleni. Turubai halipitishi maji, nilijua. Sikujua kwamba sindano inaacha matundu, na mamia ya matundu ni chujio. Maji yaliingia kidogo kidogo kwenye mishono ya juu, na kwa sababu turubai halipitishi maji, hayakuwa na pa kutokea. Nilipofungua mfuko kwa mteja, multimita ilikuwa imelala kwenye dimbwi. Ilifufuka baada ya siku tatu juani, lakini tangu hapo tarakimu ya mwisho inacheza, na wateja wanaoichungulia wanadhani nawapunja.

Nilirudi kwa mzee. Alitoboa tundu moja dogo kwenye kona ya chini kabisa, akalizungushia pete ya chuma kama ya viatu. Maji yakiingia, yatoke. Mishono niliifanyia kazi mwenyewe: nilinunua nta ya nyuki kwa wauza asali wa barabarani, nikaisugua kwenye uzi ndani na nje, kisha nikapitisha kijiko kilichopashwa moto ili iyeyuke iingie kwenye matundu. Nta hiyo naipaka upya kila mwanzo wa mvua. Tireti naisugua kwa mshumaa mkavu, baada ya kuisafisha kwa mswaki wa zamani. Grisi usiipake, inakamata vumbi na kuligeuza msasa. Na hata hivyo yote, multimita inakaa ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mdomo mara tatu. Siuamini mfuko wowote kwa kitu kinachokufa kwa maji.

Vumbi nalo lina hila yake. Linaingia kati ya mkanda na bomba, na kila mtikisiko mkanda unalisugua kwenye rangi. Msimu mmoja wa kiangazi ulinitosha kuona chuma cheupe mahali palipokuwa na kijani, na mvua ilipokuja pakawa na kutu. Sasa kabla ya kufunga mkanda nazungushia bomba kipande cha mpira wa tairi la ndani. Ulinzi wa bure, na mkanda hautelezi.

Kupanga vitu nilijifunza kwa masikio. Mfuko uliopangwa vibaya unaongea. Koleo linagonga betri, betri inagonga bomba, na kijijini watoto wanakuja mbio wakidhani ni muuza vikombe. Betri inatangulia chini. Koleo na bisibisi navifunga kwenye kipande cha kitenge na kuvisimamisha mbele ya betri, waya unajaza mapengo, solda na multimita juu. Vitu vyote vizito upande mmoja vitaivuta kinga, si sana, lakini jioni bega moja litauma bila wewe kujua kwa nini. Vitu laini, kama koti la mvua, nimeacha kuvitia humo. Ndivyo vinavyovimbisha mfuko. Koti linakwenda kwenye keria, jepesi, halidhuru huko juu.

Hasara zipo. Mfuko unaojaza pembetatu yote unakunyima mahali pa maji ya kunywa. Nilijaribu kuifunga chupa chini ya bomba la chini, kwa nje. Gurudumu la mbele likaipaka mdomo matope na vitu vingine vya barabarani nisivyotaka kuvitaja. Mzee alinishonea kifuko cha chupa kando ya usukani, ndio mwisho wa shida hiyo. Mpwa wangu, anayekwenda shule na madaftari tu, alishonewa nusu: mfuko mwembamba unaoning'inia chini ya bomba la juu, chini yake chupa inakaa palepale pa zamani. Kwa mzigo wake unamtosha. Ningekuwa sibebi betri, ningechagua huo.

Upepo ni jambo la pili. Pembetatu iliyojaa ni tanga la mtumbwi. Upepo wa mbele hauna neno, lakini wa ubavuni, mahali pa wazi miti ilipokwisha kuwa makala, unakusukuma. Na lori likikupita kwa kasi linakuvuta kwanza, kisha linakusukuma. Nikilisikia nyuma nashusha mabega, nashika usukani bila kuukaba, na kama ukingo unaruhusu natoka nje ya lami kabisa. Heshima ya barabara nawaachia wao.

Jambo la tatu ni mikono ya watu. Mfuko huu hautoki haraka, una mikanda sita. Sokoni ukiegemeza kinga na kugeuka, mtu anafungua tireti kama ya kwake. Niliibiwa koleo namna hiyo, koleo nzuri, hadi leo naiwaza. Sasa kichwa cha tireti nimekifunga kwenye mkanda kwa pete ya ufunguo. Mwizi mwenye nia ataifungua, lakini itamchukua muda, na muda ndio asioutaka. Pesa sijawahi kuweka humo.

Lile boksi la sabuni mzee alinirudishia. Limening'inia nyuma ya mlango wa nyumbani, upande mmoja mke wangu ameandika bei za unga. Mwezi uliopita jirani, naye fundi, fundi wa majokofu, aliliazima akaenda kujishonea mfuko kwa mtu mwingine. Kinga yake ni ile nyeusi ya zamani, ndefu, bomba la juu limenyooka kama rula. Jumamosi alirudi na mfuko mkononi, amekasirika. Pembeni unabaki upenyo wa kupitisha mkono, unayumba kama ng'ombe mwenye kengele.

"Yaya," yaani kaka, "boksi yako iliniongopea."

Nilimwambia aingize kinga yake uani, nikaenda dukani kununua sabuni.